Sindano Iliyosubiri Utepe

Mimi ni fundi wa nguo, na sera ya afya ya akili ya jimbo letu nimeishona kwa mikono yangu. Msinicheke. Wengine waliiandika, wengine wakaipigia makofi, lakini aliyeikata, akaitia pindo na kuifunga vifungo ni mimi, Christiane, hapa hapa Makomeno kwenye baraza ya nyumba yangu. Kwetu Lubumbashi jambo la wakubwa halianzi mpaka kila mtu awe amevaa kitenge kimoja. Jubilei ya padri, kitenge. Siku ya wanawake, kitenge. Basi walipokata shauri kwamba wagonjwa wa akili nao watunzwe kama watu, kitu cha kwanza kufika mjini hakikuwa daktari. Yalikuwa marobota ya kitenge.

Kwenye kitenge hicho walichora ubongo. Aliyeuchora sijui alitazama nini, maana ulitoka kama shu, ile kabichi ya sokoni, na kuizunguka wakaandika AKILI MUZURI KWA BANTU BOTE, yaani akili nzuri kwa watu wote. Nilishona suruali ambazo kabichi iliangukia makalioni, na wenye suruali wakaja kujipima mbele ya kioo changu wakiwa wamekunja nyuso kwa heshima ya taifa. Niliuma sindano kwa meno nisicheke.

Ningecheka vizuri zaidi kama isingekuwa Stanislas.

Stanislas ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama. Sisi watu wa asili ya Kasai hapa mjini wanatutania kwamba tunapenda shule kuliko chakula, na kwa Stanislas utani huo ni kweli tupu. Anafundisha hesabu katika shule moja ya binafsi, barabara ya pili kutoka kwangu. Akichora duara ubaoni kwa mkono mtupu, wanafunzi humshangilia. Pia ana ugonjwa wa akili. Akipata sindano yake moja kila mwezi, analala, anakula, anasahihisha madaftari, anabishana na mimi juu ya chumvi. Akiikosa, anaanza kusikia watu wanaomsengenya ndani ya ukuta, na baada ya hapo hajui tena yupo wapi. Shuleni hakuna aliyejua. Siri ilikuwa ya watu watatu: yeye, mimi na Mukuka, muuguzi wa kituo kidogo cha afya ya akili kilicho nyuma ya kanisa.

Alishawahi kupoteza kazi moja namna hiyo, upande wa Katuba. Siku alipopata hii ya Makomeno aliniambia, "Yaya," kama kwetu tunavyomwita dada mkubwa, "nikiipoteza na hii, sitatafuta ingine. Miye pasipo darasa niko muntu wa namna gani?" Nikamwambia haitapotea. Kazi yangu ikawa hiyo: kuhakikisha sindano inafika kabla sauti hazijafika.

Na ilikuwa inafika. Hilo ndilo linaloniunguza. Kabla wakubwa hawajatuhurumia, nilikuwa nanunua dawa kwenye famasi ya mjini, nampelekea Mukuka, anamdunga, basi. Ndipo ikatangazwa sera. Ikaundwa ofisi mpya waliyoiita Uratibu, ikapewa gari na mratibu. Mratibu jina lake Mardochée, bwana mwenye viatu vilivyochongoka na sauti ya kusoma misa. Redioni alisema kwamba tangu sasa dawa zote za akili zitapitia Uratibu peke yake, na mgonjwa atapewa bure. Mimi nilipiga makofi pale pale kwenye cherehani. Mjinga mimi.

Mwezi huo nilipokwenda famasi, mwenye duka alinitazama kwa huruma. "Mama, ile dawa tuliacha kuileta tangu balisema itakuwa bure. Nani atanunua kintu ya bure?"

Nikakimbia kwa Mukuka. Akanipeleka kwenye chumba cha mwisho cha kituo, akafungua mlango, na hapo nikaona makatoni ya dawa yamepangwa mpaka karibu na dari, yamefungwa gundi vizuri, na utepe wa rangi za bendera umeyazunguka kama keki ya harusi. Nilitaka kuyakumbatia.

"Sasa fungula," nikamwambia.

"Siwezi, Mama Christiane," akasema, akiuonyesha ule utepe. "Bado habajakata ruban."

"Nani?"

"Bakubwa. Ni remise officielle, sherehe ya kutoa dawa. Mheshimiwa atatoka Kinshasa, atakata ruban, bapiga picha, kisha njo tutafungula. Nikigusa mbele yao, bado habajafika, kazi yangu imeisha."

Nilimwangalia Mukuka. Si mtu mbaya. Ni mtu anayeogopa, na kwa muda mrefu ameogopa vizuri sana hata akafika karibu na pensheni. Alisimama kati yangu na yale makatoni, funguo mkononi, akiwa amelinda dawa ili zisimfikie mgonjwa, naye ni muuguzi. Akaniambia nisubiri Jumamosi.

Jumamosi ikafika bila Mheshimiwa. Alikuwa safarini. Ikapangwa tarehe nyingine, nayo ikafa kwa sababu ya kitenge: Madame Victorine wa itifaki aligundua kwamba kijani cha robota moja si sawa na kijani cha mengine, na kwenye televisheni ingeonekana vibaya. Kumbuka, si dawa zilizokuwa na kasoro, ni kijani. Robota likarudishwa, na mimi nikafumua nguo ambazo nilikuwa nimeshazimaliza.

Nikiwa nafumua, Stanislas aliketi mbele yangu na madaftari ya wanafunzi. Alikuwa anasahihisha, halafu anasimama, anaweka sikio ukutani, anarudi. Nikajifanya sioni. Jioni aliniuliza taratibu, kama anayeuliza saa, "Yaya, we unasikia beko banasema nini?" Nikajibu kwamba sisikii kitu. Akasema, "Basi ni beye tena, bale ba ndani ya ukuta." Machozi yalimlengalenga, kwa sababu alikuwa bado na akili ya kutosha kujua kwamba inaondoka. Sijui kama kuna kitu kigumu kuliko hicho kukitazama.

Kesho yake nilienda kwa mkurugenzi wa shule, Adrien, nikamdanganya kwamba mwalimu ana malaria. Malaria hapa ni ugonjwa wa heshima. Adrien akasema pole, akampa likizo, akatuma na machungwa.

Kisha nikaenda Uratibu, mjini kabisa, kwenye ofisi za ghorofa. Mardochée alinipokea vizuri kwa sababu alidhani nimeleta koti lake. Nilimweleza yote. Nilimwomba chupa moja, moja tu, ya mtu mmoja.

"Mama Christiane," akasema huku akitabasamu, "dawa ikitoka leo, mbele ya cérémonie, cérémonie itakuwa ya nini?"

"Na mugonjwa akiharibika mbele ya cérémonie?"

"Atatengenezwa kisha. Politique, hii sera yetu, ni ya bantu bote, mama, haiko ya muntu moya."

Alisema hivyo bila aibu, akanishika na bega. Kwa akili yake kuna watu wote, ambao anawapenda mno, halafu kuna mtu mmoja mmoja, ambao wanamsumbua. Nilirudi nyumbani nikalishona koti lake, na nakiri nililibana makwapa ili asiweze kuinua mikono.

Siku ya sherehe ikafika hatimaye. Stanislas alikuwa amekwisha. Alikuwa halali, haogi, anaongea na ukuta kwa hasira kama mwalimu anayegombeza darasa baya. Tangazo lilisema dawa zitatolewa siku hiyo hiyo, basi nikamvalisha moja ya yale mashati ya kabichi, nikamshika mkono, tukatembea mpaka kituoni. Getini askari akatuzuia.

"Leo bagonjwa apana. Leo kuko fête."

"Fête ya nini?"

"Ya bagonjwa."

Hakuona kasoro yoyote. Wagonjwa wenyewe walikuwa wamekusanywa asubuhi na kufungiwa kwenye ukumbi wa parokia, na mkate na soda, ili wasichafue sherehe yao. Nikamwonyesha askari mto mwekundu wa velvet niliokuwa nimeubeba kichwani, na juu yake mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa. Madame Victorine alikuwa ameniomba mkasi huo, kwa sababu wa Uratibu haukati hata karatasi. Askari alipoona velvet akapiga saluti, tukaingia wote wawili.

Chini ya hema kulikuwa na viti vyenye mashela, maua ya plastiki, na meza ya Mheshimiwa yenye chupa za maji. Makatoni yalikuwa yametolewa nje, yamepangwa mbele, utepe juu. Tulikaa nyuma, mto na mkasi mapajani pangu. Mheshimiwa alichelewa, na alipofika kila mtu akasoma hotuba yake. Mardochée alisema utu. Mtu wa shirika fulani akasema utu na ushirikiano. Mwingine akasema ushirikiano na utu. Kwenye hotuba zote sikusikia hata mmoja akitaja sindano.

Stanislas alianza kutikisika. Nikambana mkono. Kisha akasimama, na kwa ile sauti yake ya darasani, iliyo wazi mpaka kiti cha mwisho, akasema:

"Hii tente haiko carré, haiko mraba! Mutu aipime tena! Pembe ile inadanganya!"

Watu wakageuka. Wakacheka. Watu waliovaa ubongo vifuani na migongoni walimcheka mtu mwenye ubongo unaoumwa, na walicheka kwa raha, wakigongana mabega. Stanislas akapanda juu ya kiti, akaanza kuwaita kwa majina ya wanafunzi wake. Madame Victorine alipunga mkono, askari wawili wakaja mbio.

"Tosheni huyu wazimu inje!" akasema Mardochée kwenye kipaza sauti alichosahau kukizima.

Hapo hasira zikanipanda. Nilichukua mkasi wangu kutoka kwenye mto, nikapita katikati ya viti. Madame Victorine alidhani nampelekea Mheshimiwa, akanipa njia na tabasamu. Nikampita Mheshimiwa. Nikainama chini ya utepe, nikaingiza ncha ya mkasi kwenye gundi ya katoni la kwanza, nikalipasua mpaka mwisho.

"Ruban kwanza!" akapiga kelele Madame Victorine. "Mama, ruban kwanza!"

Nilitoa chupa, nikaenda nayo kwa Mukuka aliyekuwa amesimama safu ya wauguzi, jasho linamtoka. "Mudunge," nikamwambia. "Ama unataka nimudunge na mukasi?" Mukuka alimtazama Mardochée, akamtazama Stanislas, akanitazama mimi. Nafikiri siku hiyo aliniogopa mimi zaidi. Akachukua chupa.

Askari walimlaza mdogo wangu juu ya meza ya Mheshimiwa, kati ya chupa za maji, mmoja kashika miguu, mwingine kamkandamiza mabega. Alikuwa analia akiita jina langu. Nilimshika kiganja nikamwambia niko hapa. Mukuka akamdunga. Na kamera, ambazo zilikuwa zimesinzia hotuba nzima, zikaamka zote kwa pamoja.

Nilidhani tutafungwa. Nilikuwa tayari. Lakini sikuwa nawajua wakubwa vya kutosha. Mheshimiwa alisimama, akatengeneza tai, akasogea mpaka kwenye meza, akaweka mkono wake juu ya kichwa cha Stanislas kama anayembariki, akageuza uso kwa wapiga picha. Akangoja mpaka wote wamepata. Mardochée akaelewa mara moja. Akajaribu kuinua mikono, makwapa yakambana, akasema kwenye kipaza sauti kwamba huyo ndiye mgonjwa wa kwanza wa sera mpya, kama ilivyopangwa. Watu wakapiga makofi. Baadaye wakakata utepe pia, kwa kisu cha kukatia keki, kwa sababu mkasi sikuwarudishia.

Sitasema sindano haikufaa kitu. Ilifaa. Sauti zilipungua, kisha zikanyamaza. Stanislas alilala, akaamka, akalala tena. Siku moja alionja mchuzi wangu akasema chumvi imezidi, nami nikaenda jikoni nikalia kwa furaha. Makatoni sasa yalikuwa yamezinduliwa, na Mukuka akatuambia mwezi unaofuata tuje tu, hakuna shida. Stanislas akanyoa ndevu, akapiga pasi shati jeupe, akachukua boksi lake la chaki, akaenda shuleni. Nilimsindikiza kwa macho mpaka kona.

Alirudi kabla chai yangu haijapoa.

Ukutani mkabala na geti la shule walikuwa wametundika bango la turubai, refu kama lori, lenye kabichi na mhuri wa Uratibu pembeni. AKILI MUZURI KWA BANTU BOTE. Katikati ni uso wa mdogo wangu, umelazwa juu ya meza, meno yamekazwa, macho yametoka, mate mdomoni. Juu ya kichwa chake mkono wa Mheshimiwa, na juu ya mkono Mheshimiwa mwenyewe, ametulia kama mtakatifu wa kwenye kalenda. Hakuna aliyetuuliza. Wanafunzi walikuwa wamemwona mwalimu wao hivyo kila asubuhi wakiingia na kila mchana wakitoka, muda wote alipokuwa kitandani na malaria yake.

Nilivaa viatu nikaenda kwa Adrien. Alinipokea amevaa shati la kabichi. Nililijua, nimelishona mimi.

"Mama Christiane, miye napenda hii politique," akasema. "Napenda sana. Stanislas iko mufano kwa bantu bote. Lakini bazazi banaogopa."

"Banaogopa nini? Aliwafundisha batoto miaka yote, nani alilia?"

"Mbele habakujua."

"Na sasa banajua ya kwamba anapona."

"Banajua ya kwamba anagonjwa," akasema Adrien, akaangalia kitenge chake, akapangusa kitu ambacho hakikuwepo.

Basi kazi ikaenda hivyo. Stanislas aliweka boksi la chaki juu ya kabati langu na hakuligusa tena. Hakuwa mgonjwa. Hilo ndilo baya zaidi, alikuwa mzima kabisa, akili yake yote iko kichwani, na kwa akili hiyo nzima alikaa barazani akitazama watoto wakienda shule. Wale wazazi wanaoogopa walianza kumletea watoto jioni, mtihani ulipokaribia, kwa mlango wa nyuma, awafundishe hesabu. Mchana wakikutana naye barabarani wanavuka upande wa pili. Nilitaka kuwafukuza wote na ufagio, lakini yeye alikataa. Alisema watoto hawana kosa.

Kisha Mardochée akaja, na gari la Uratibu na lile koti, mikono chini. Alikunywa maji yangu, akasema wanakwenda kuzindua sera Kilwa, hii yetu ya ziwani, si ile ya pwani, na wangependa Stanislas awe shahidi wa sherehe. Makatoni ya Kilwa yameshafika, yanasubiri.

"Bagonjwa ba kule banapata dawa?" Stanislas akauliza.

"Watapata, kisha ya cérémonie. We ni visage ya politique yetu, mwalimu. Uso yako inajulikana."

"Uso yangu," Stanislas akarudia, polepole. "Ni kweli. Iko pale nje, na mi sikuipatia muntu." Kisha akasema kwa adabu kwamba Kilwa hataenda, akamfungulia mlango.

Gari lilipoondoka, alinigeukia. "Yaya, nipe mukasi."

Nilitaka kwenda naye, nikisema nitalichana bango lote, nilifanye matambara ya kupangusia miguu. Akasema hapana, yale mengine si yake. Akachukua kiti changu cha cherehani na mkasi, akaenda mchana kweupe, shule inatoka. Mimi nilimfuata nyuma, sikuweza kukaa. Alisimama juu ya kiti, akaweka ncha ya mkasi kwenye turubai, akakata kuuzunguka uso wake, bila haraka, duara moja kamili kama lile la ubaoni. Wanafunzi wakasimama wote kutazama. Polisi wa njia panda akaja akamuuliza anafanya nini.

"Niko natosha kintu yangu mu bango yabo," Stanislas akamjibu, akaukunja ule uso wa turubai, akaubana kwapani, akashuka.

Bango liko pale mpaka leo. Kuliondoa kunahitaji kibali cha Uratibu, na Uratibu uko Kilwa unasubiri Mheshimiwa. Ukipita Makomeno utaliona, maneno yote yamo, kabichi zimo, mhuri umo. Katikati kuna tundu, unaona matofali ya ukuta, na mkono wa Mheshimiwa bado uko juu yake, unalibariki.